Skwea ya Baba Watoto

Mama zangu na dada zangu, mimi si mtu wa kusimama mbele. Kila siku nasimama mbele ya mashini, na mashini haikuangalii usoni. Lakini leo kuna mwenzetu mgeni hapa kanisani, amezika bwanake juzi, kwa hivyo nivumilieni niseme yangu.

Mnajua karakana yangu nyuma ya nyumba, hapa Makindu. Leth moja ya kuzungusha chuma kikichongwa, mashini ya kutoboa, meza ya chuma. Baba watoto alinifundisha kazi kabla hatujapata mtoto, na tulichonga vyuma pamoja miaka mingi. Msifikiri nilikuwa wa kushika tochi! Alianguka hapo kwa meza, moyo ukasimama, skwea ikiwa mkononi. Skwea ni kile chuma chenye pembe, kinakuonyesha kama kitu kimesimama wima sawasawa juu ya kingine. Niliisikia ikigonga simiti nikiwa jikoni. Baada ya mazishi niliiokota, nikaipangusa, nikaitundika mahali pake. Kisha nikawasha leth, maana watoto wangekula nini?

Kazi ikanikataa. Nilitengeneza viti vya beringi, vile vinavyobeba shafti, vya mashini ya kusaga unga ya mtu wa Mtito Andei. Havikukaa, akanipigia simu. "Mama, shafti inachezacheza, mkanda unaruka. Umenifanyia nini?" Nikarudia, nikapima kila upande na skwea, sawa kabisa. Vikarudi tena. Mwingine wa pampu ya kisima akatupa yake mlangoni bila hata kunisalimu. Watu wakaanza kusema fundi alikufa na kazi yake.

Shemeji yangu akaja kutoka Nuu. "Shemeji, hii si kazi ya mwanamke. Nimepata mtu anataka hizi mashini. Lori inakuja Jumamosi." Nikaangalia vyuma vilivyokataliwa vimejaa mlangoni, nikakubali. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikuwa nikinawa mikono hii naichukia.

Kitu kimoja nilikuwa nimejaribu. Nilienda duka la vyuma la dada mmoja, kwao ni Mombasa, nikachukua skwea mpya. Nyumbani nikaisimamisha mgongo kwa mgongo na ya mzee, mwanga ukapita katikati. Nikasema, takataka za siku hizi, nikairudisha. Akanipa nyingine. Mwanga ukapita vilevile, nikairudisha. Mnacheka? Chekeni tu. Nani hapa angeshuku skwea ya bwanake?

Niliporudisha ya tatu, yule dada akashika kiuno. "Bibi wee, kwani skwea za dunia nzima zimepinda, iliyonyooka ni ya marehemu peke yake?" Nikawaka! Nikamwambia asimtaje marehemu, nikaondoka bila kuaga. Lakini lile neno lilinifuata mpaka nyumbani.

Ijumaa, siku moja kabla ya lori, nilifanya kile baba watoto alinifundisha kufanyia kila skwea mpya, na ambacho sikuwahi kuwaza kuifanyia yake. Nilipaka bamba rangi, nikaegemeza skwea kwenye ukingo ulionyooka, nikachora mstari. Nikaigeuza itazame upande wa pili, nikachora mwingine kuanzia palepale. Skwea ikiwa nzuri, mistari inalaliana. Asi! Yangu iliachana huko juu kama pembe za mbuzi. Nikakimbia dukani nikaomba ile ya mwisho niliyoikataa, nikaigeuza vilevile. Mstari mmoja tu.

Nilikaa chini kwa simiti nikalia. Mazikoni sikuwa nimelia. Nililia kwa sababu mikono yangu haikuwa na kosa, na nililia kwa sababu kitu cha mwisho alichoshika mume wangu ndicho kilikuwa kinanimaliza.

Jumamosi lori ikaja, shemeji na mama mkwe wakiwa ndani. Nikawaonyesha bamba. Shemeji akaninunia. "Kwa hivyo unasema ndugu yangu ndiye aliharibu?"

"Ni simiti iliharibu, siku ile alipoanguka."

Hakuamini, akaita vijana wapakie. Mama mkwe ndiye alisimama mlangoni, akasema kwa Kikamba kwamba chuma cha mtoto wake hakitoki hapo yeye akiwa hai. Lori ikarudi tupu.

Sitawadanganya kwamba yote yalipona. Wa Mtito Andei alirudi, nikamchongea viti vingine kwa skwea mpya, mashini yake inasaga mpaka leo. Yule wa pampu tukipatana sokoni anatazama kando. Shemeji haji kwangu tena.

Asante mama mkwe, hata kama leo miguu imekataa kumleta. Asante dada wa duka. Si wa kanisa hili, lakini nilipoenda kumwomba msamaha alinikalisha tukanywa chai. Asanteni ninyi mlionilimia shamba nikiwa siwezi kuinuka.

Ukichagua skwea, usiipime kwa nyingine. Igeuze uipime kwa yenyewe, hapohapo dukani. Na uwe nayo moja ya kuhukumu tu, ikae kwa kitambaa chenye mafuta, isifanye kazi ya kila siku.

Na wewe dada uliyezika juzi, watakuja kukuambia huwezi. Kabla hujakubali kwamba shida ni wewe, angalia kwanza wanakupima na nini. Kesho asubuhi njoo kwangu. Kuna kazi ya watu wawili, na niko peke yangu.