Mbwa Asiyebweka

Basi la Mlali lilikuwa bado halijatoka mjini, na Kuluthumu, muuza asali wa Kondoa, alikwisha kuamkiwa shikamoo na kuonyeshwa mbwa wawili kwenye simu ya jirani yake wa kiti. Kwao mbwa hulala nje na hapigwi picha, lakini alitazama kwa adabu.

"Huyu mwenye masikio ya popo anaitwa chiwawa," alisema yule jirani, Yasinta, karani wa wizarani. "Huyu mwenye uso wa mikunjo ni pagi. Wanangu wanataka mmoja."

"Yupi anabweka?"

"Chiwawa. Hata jani likianguka."

"Basi umeshapata, mwanangu."

"Namtaka pagi, mama. Yeye hukoroma tu."

Kuluthumu akamsimulia habari za wezi wa kuku, kwa kirefu, maana hizo alizijua. Yasinta alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yao alikuwa akirudi na pikipiki saa kumi na mbili jioni," alisema. "Tulimzika Machi. Mpaka leo pikipiki ikipunguza mwendo pale getini, wanatoka mbio. Sasa niwaletee na mbwa wa kuwaita kwa kubweka?"

"Pole, mwanangu. Lakini wezi nao wapo."

Basi likasimama Ihumwa. Yasinta alikuwa ameshika mkoba, tayari kushuka, pikipiki moja ilipopunguza mwendo kando ya basi. Akageuka dirishani upesi, akatazama.

Kuluthumu akainama kukaza kifuniko cha dumu lake la asali, ambacho kilikuwa kimekazwa tangu Kondoa.