Maua ya Mshokishoki Niliyokuwa Nayakata

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la saba, na kusimama mbele yenu siwezi. Ndiyo maana nimeandika, mwinjilisti anisomee.

Nyumba yetu iko hapa Kilosa, karibu na reli. Mjomba alituletea mashokishoki kutoka Muheza, yale matunda mekundu yenye nywele. Mama akachimba shimo uani, kwenye kivuli cha migomba, mimi nikafukia mbegu. Nikawa namwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mche mmoja ukapona.

Kwetu husemwa kwamba anayepanda mti wa kigeni hufa ukizaa mara ya kwanza. Baba alipanda mfenesi. Mwaka ulipozaa, tulimzika. Bibi jirani akipita alikuwa ananiambia, "Mjukuu wangu, huo mti ukichanua uje uniage." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Mti ulipochanua niliamka alfajiri, nikayakata maua yote. Mwaka uliofuata vilevile. Miaka mitatu, ndugu zangu! Jumapili naimba kwaya kwamba Yesu ameshinda mauti, Jumatatu nipo juu ya ngazi na kisu. Mama akadhani mti ni dume.

Mwaka wa nne akanikuta.

"Unafanya nini huko juu?"

Nikamweleza. Akashika ngazi.

"Baba yako alianza kuumwa miaka miwili kabla ya lile fenesi. Wewe ulikuwa mdogo. Na shimo la mti huu alichimba nani?"

"Wewe, mama."

"Basi tutakufa wawili. Shuka tuombe."

Aliomba maneno machache tu, ameushika mkono wangu wenye kisu. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Hofu ilikuwepo bado. Ila kisu nilikirudisha jikoni, na maua yaliyobaki nikayaacha.

Matunda yakawa kijani, yakawa manjano, yakawa mekundu. Kila asubuhi niliamka, nikayatazama, nikaenda shambani. La kwanza nililila nikiwa nimesimama. Lilikuwa tamu, na uchachu kidogo. Kesho yake nikaamka tena. Asante Yesu!

Bibi jirani akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe bado upo?"

"Nipo."

Akala sita. Akafunga mbegu kwenye pindo la khanga, akafika mlangoni, akarudi.

"Hapana. Nipandie wewe. Wewe umeshazoea."

Nimempandia mbili, zote zimeota.

Ndugu yangu, kama kuna jema lako unalolikata kila mwaka kwa hofu, mwachie Bwana mwaka huu mmoja tu. Na kama kuna mwenye mbegu ya duriani, lile tunda jingine la kigeni lenye miiba, au aliyewahi kupanda ngazi na kisu kama mimi, aniandikie. Nasoma polepole, lakini nitamjibu.