Yunuke Moraa Ombati, Aliyekataa Kung'oa Chinsaga

Kwa majuma mawili sasa, simu za saa kumi na mbili asubuhi zimekoma. Hakuna tena anayetuuliza kama jana tulikula mboga au majani ya plastiki, jina aliloipa saladi ya dukani.

Yunuke Moraa alizaliwa tarehe 4 Machi 1959 huko Kebirigo, Nyamira, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyakundi na marehemu Mama Bosibori. Alisoma hapo hadi darasa la saba, akaendelea na sekondari, kisha akasomea uuguzi Kisii na kuhitimu mwaka 1981. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Zachariah Ombati. Walijaliwa Duncan na Maureen.

Walihamia Minnesota mwaka 2001. Alianza upya kama mhudumu wa wazee huko Eden Prairie, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Maureen alipojifungua Januari 2012, Yunuke alizunguka maduka yote asipate chinsaga, mboga chungu ambayo kwetu mzazi hulishwa ili apate nguvu na maziwa. Aliapa hilo halitarudiwa. Kiangazi cha mwaka huo akapanda nyuma ya nyumba yao, Inver Grove Heights.

Chinsaga ya mbegu haivunwi. Huachwa irefuke, ipukutishe majani, ikauke ikiwa imesimama. Kwa jirani asiyeijua, hilo ni shamba lililotelekezwa. Agosti 2019 afisa wa mtaa alileta amri ya kufyeka.

"Mama, haya ni magugu."

"Umeshaonja?"

"Hapana."

"Basi kati yako na mimi, nani anayejua?"

Akamrudishia karatasi yake. Wiki iliyofuata, akiwa kazini, mashine ilifyeka yote. Alipiga magoti na chekecheke, akaokoa kiganja kimoja cha mbegu. Susan, rafiki yake wa kazini kutoka mtaa wa Phillips, ni wa kabila la Ojibwe, wenyeji wa asili wa huku. Watu wake walilima mahindi na maboga hapa kabla mtaa wowote haujawa na afisa. Alipoona kile kiganja alicheka. "Yunuke, hata bibi yangu aliambiwa anakula nyasi. Njoo upande kwangu." Alipanda kwa Susan, katikati ya maboga. Mwaka uliofuata akapanda tena palepale alipofyekewa.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Februari 2025. Mwezi Mei alipanda mbegu akiwa ameketi. Duncan alipomsihi aache, alimjibu, "Mwanangu, nitaacha zikishakauka." Hakuziona zikikauka. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 7 Septemba, saa tatu asubuhi, mikononi mwa Maureen.

Jumanne ikaja barua nyingine ya afisa wa mtaa: tufyeke ndani ya siku kumi. Zachariah aliisoma kwa sauti, akaikunja, akasema, "Hapana." Siku hizo zilikwisha jana. Chinsaga ingali imesimama, na hakuna mkono wa nyumba hii utakaoigusa kabla ya mbegu kukomaa.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Mungu ampe pumziko ambalo hakuwahi kujipa.

Kaburi lake liko Inver Grove Heights, safu ya nne kutoka barabarani, upande wa mto.