Spika Zilizokuja na Gari

Katika teksi ya Ukunda kwenda Msambweni, fundi wa spika aitwaye Gerishom alikaa mbele akimshawishi dereva. "Hizi zilizokuja na gari zimechoka. Hazina besi. Nikuwekee mpya."

Mzee Abdulrahman, niliyeketi naye nyuma, bibi mmoja kati yetu, alishindwa kunyamaza. "Wampoteza mwenzio, kijana. Sikiliza kaswida hiyo. Mwimbaji akivuta pumzi, wamsikia. Hizo mpya zaweza?"

"Pumzi si muziki, mzee wangu."

Wakainama, kila mmoja sikio kwenye spika ya mlango wake. Dereva, ambaye angeweza kuwaamua, alitazama barabara tu.

Tulipofika Msambweni dereva akazima gari. Kaswida ikaendelea. Yule bibi akafungua mkoba, akazima simu yake.

"Haya," akasema, "endeleeni."