Mama Lenzi na Majani ya Mawe ya Mtoni

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Lenzi kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya tatu kutoka darajani, ng'ambo ya kaskazini ya mto. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa mlinzi wa daraja na mshona nguo. Bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kutambaa ili tu ayafikie mawe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, kisha akaenda sekondari ya wasichana, 1966 hadi 1969. Biolojia ilimkaa kichwani kuliko somo lolote. Lakini babu aliumia mgongo, na masomo yakaishia kidato cha nne. Mwenyewe alitusimulia kwamba alilia siku moja tu, kesho yake akaenda kutafuta kazi.

Januari 1971 aliajiriwa chuoni kufagia chumba cha mimea mikavu. Akipangusa vumbi, akakuta droo moja karibu tupu. Ilikuwa ya mimea midogo isiyo na maua wala mizizi ya kweli, inayotambaa juu ya mawe na magome yenye unyevu. Wataalamu huiita mimea-ini, kwa kuwa mingine imekaa vipande vipande kama ini. Kitabu kilichokuwa humo kilisema bonde zima la mto wetu lina aina kumi na tisa. Mama akamwendea profesa aliyesimamia chumba kile, mtu mkali.

"Shikamoo, mwalimu. Kitabu hiki kimekosea. Nyuma ya nyumba yetu tu zipo zaidi ya hizo."

Profesa akamtazama, yeye na ufagio wake. "Niletee."

Jumatatu mama akaleta bahasha ishirini na sita, kila moja na mmea wake. Profesa alijifungia nazo siku nne, hata chai hakutoka kunywa. Wiki iliyofuata ufagio ukapewa mtu mwingine, na mama akakabidhiwa droo ile.

Mwaka 1975 alikuwa amepiga magoti chini ya daraja alipomwona mwashi akikwangua nguzo.

"Wewe fundi! Acha kukwangua!"

"Dada, huu si ni ukoga tu?"

"Ukoga uko kwenye meno yako. Hiyo ni mimea."

Fundi, ambaye ndiye baba yetu, akafunika meno kwa kiganja. Baba mwenyewe anakiri kwamba kesho yake alirudi akiwa amepiga mswaki mara mbili. Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Aprili 1998 mto ulivunja kingo, maji yakaingia chumba cha mimea mikavu. Bahasha zaidi ya elfu nne, jasho la miaka ishirini na saba, zikalowa chapachapa. Mama alikaa kwenye ngazi za chuo, viatu vimejaa tope, akasema, "Basi. Imetosha." Hatukuwahi kumwona amekata tamaa kabla ya siku ile. Baba hakubishana naye. Aliazima mkokoteni, akazileta bahasha zote nyumbani, akazitandaza kitandani, vitini, akazibana kwenye kamba za nguo. Majuma matano tulilala sote sakafuni jikoni. Na baba, asiyejua jina la hata mmea mmoja, alikuwa akizigeuza moja moja kwa mikono yake ya saruji. Siku ya nne mama akasimama mlangoni. "Pole pole, baba watoto, utanivunjia." Hapo tukajua amerudi. Zaidi ya mia nane zilioza. Hizo alizifuata upya, kijito kwa kijito, kwa miaka tisa.

Orodha ya mimea-ini ya bonde letu ilichapishwa mwaka 2008: aina mia moja na kumi na mbili. Mkuu mpya wa idara alitaka jina la mama liwekwe kwenye shukrani tu, maana hakuwa na shahada. Profesa, wakati huo mstaafu anayetembelea mkongojo, alipanda ngazi zote hadi ofisini. "Jina lake litangulie," alisema, "au langu litoke." Likatangulia. Jioni ile mama alipika, akaosha vyombo, akafuta mikono, ndipo akafungua ukurasa wa kwanza na kupitisha kidole juu yake.

Mwaka 2019 presha ya macho ilimfungia dunia, akawa haoni tena. Mimea aliendelea kuisoma kwa vidole, na kitindamimba wake akamwelezea yaliyobaki. Mwaka 2023 moyo nao ukaanza kuchoka. Alilazwa tarehe 2 Februari 2024. Siku moja kabla ya kutuacha alimuuliza muuguzi, "Nje kuna mvua?"

"Manyunyu tu, mama."

"Manyunyu yanawatosha wadogo zangu," akasema. Muuguzi alidhani anawataja ndugu zake.

Alifariki tarehe 11 Februari, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita na dada zake wawili. Tulipomsomea baba wasifu huu jana, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tumesahau jambo moja. Tukamuuliza, lipi?

"Andikeni kwamba sikuwahi kumchoka."

Tumeandika, baba. Nawe mama, pumzika. Amani iwe nawe.