Hatua za Maman Eulalie, Toka Mulango Mpaka Ziwa

Wasikilizaji wapendwa, muko na Papa Zagabe, ule anayewasomea majina ya wafu wenu kila wiki. Leo jina ni la nyumba yangu. Eulalie, muke wangu. Alikufa dimanche, Jumapili ya mvua, kisha misa, pale kwetu Nyalukemba. Leo inatimia siku arobaini.

Directeur wa radio aliniambia, "Papa, acha mwingine asome." Nilikataa. Masomo nilikomea cinquième primaire, mwaka wa tano tu, lakini jina la muke wangu naliweza.

Eulalie alizaliwa Mudaka, kwa walimaji. Udongo aliujua. Tulipojenga kando ya ziwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuhesabu hatua toka mulango mpaka ukingoni. Arobaini na mbili. Muishike hiyo hesabu, wasikilizaji: arobaini na mbili.

Kila dimanche, kisha misa, alihesabu tena. Kamambili zile zile za buluu kwa miguu. Pale hatua zilipoishia alisimika kijiti. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, nikamwambia nitahesabu miye. Alicheka mpaka jirani yetu Maman Chantal akatoka kuangalia.

"Wewe Zagabe? Miguu yako inajua njia ya kasiksi tu! Ukienda arobaini, unarudi sitini."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nakunywa sana ile pombe ya ndizi.

Halafu mukubwa moja alinunua parcelle, kiwanja kilicho pembeni yetu. Jina simtaji, munawajua. Alikata mikalitusi yote ya ukingoni, miti iliyoshika udongo kwa mizizi, akajenga ukuta mpaka ndani ya maji. Karatasi zote alikuwa nazo, na mihuri. Mawimbi yakagonga ukuta wake, yakageukia kwetu. Na mvua za sasa si zile za zamani. Zinamwagika mara moja, kama mutu amepindua beseni. Arobaini na mbili ikakuwa thelathini na moja. Kisha kumi na tisa.

Binti yetu, Fanny, anaishi mbali, kaskazini kabisa ya Canada. Anaosha wazee katika kijiji kando ya bahari inayoganda. Siku moja alimwambia mama yake kwa telefone: "Maman, hata huku pwani inaanguka. Udongo wa huku unashikwa na barafu. Barafu iko ndani ya udongo kama mifupa ndani ya nyama. Sasa joto limezidi, barafu inayeyuka, bahari inakula. Jana ghala la samaki liliingia majini lote."

Eulalie akasema, "Basi wao ni barafu, siye ni mizizi. Yenu anayeyusha nani, na yetu anakata nani?"

Tangu hapo, kila dimanche walipeana hesabu. Mama na binti. "Huko ngapi?" "Metre tatu tangu Pasaka, maman. Na kwenu?" "Hatua moja na nusu." Waliongea hivyo kama wanawake wanaoulizana bei ya samaki sambaza kwa soko.

Kule kwa Fanny, serikali ilileta mashine, ikavuta nyumba juu ya theluji, ikazipeleka mbali na maji. Nyumba nzima, na mapazia yake. Fanny alituma picha. Eulalie aliiangalia kwa muda murefu. "Kumbe nyumba inaweza kutembea," alisema. "Hapa hata wakubwa wenyewe hawatembei kuja kuona."

Lakini walikuja, wasikilizaji. Sitawaficha. Walikuja jeudi, siku tatu kabla ya kifo chake. Vijana wao wawili na kopo la rangi. Walipaka croix, msalaba mwekundu, kwa ukuta wetu: nyumba hii iko hatarini, mutoke.

Mukumbuke kitu kimoja. Miaka sita nyuma, walipaka croix zile zile kwa nyumba nne za avenue yetu. Hatari, mutoke. Watu walitoka, wakalala kwa ndugu zao Bagira. Leo pale kuna villa ya ghorofa tatu, na mbwa, na sentinelle wa kulinda. Nilikuwa nimeona hiyo kwa macho yangu. Kwa hiyo nikachukua mchanga na sabuni.

Eulalie alisimama nyuma yangu. "Papa Fanny, acha hiyo croix. Safari hii ni kweli. Miye nimehesabu."

"Wezi ni wezi," nilimujibu. "Wanataka parcelle."

"Kama ni wezi waikute tupu. Twende kwa dada yangu Bagira."

Nilisugua mpaka vidole vikatoka damu. Nilifuta ile croix. Nasema tena, musikie vizuri: nilifuta miye.

Dimanche alirudi toka misa, akavaa kamambili, akamwita Fanny kwa telefone. Fanny anasema hivi: "Alihesabu kwa sauti, kama kawaida. Nilisikia kumi. Nilisikia kumi na moja. Kumi na mbili sikusikia."

Ukingo ulikatika chini yake. Tulimupata mardi, siku mbili baadaye.

Nawalaumu wakubwa, na nitawalaumu mpaka nizikwe. Waliouza ukingo ni wao. Waliotufundisha kuona uongo hata siku wanaposema kweli ni wao. Lakini mchanga na sabuni vilikuwa mikononi mwangu. Hiyo siwezi kuwapa.

Pole kwa Fanny, binti yangu. Pole kwa familia ya Mudaka. Pole kwa Maman Chantal, aliyepiga kelele ya kwanza. Na wewe unayenisikia, mwenye croix kwa ukuta: gombana nao, waandikie, watukane. Lakini toka kwanza. Ugombane ukiwa Bagira.

Dimanche iliyopita nilirudi kule nyumbani kwetu na kopo la rangi yangu mwenyewe. Nikapaka croix pale pale, nyekundu, kubwa kuliko yao. Telefone ikalia.

"Papa," Fanny alisema, "huko ngapi?"

Nilihesabu polepole, bila kasiksi, nikasimama mbali na ukingo.

"Tisa, mwanangu. Na huko kwenu?"