Mjusi wa Daktari Pelling

Benchi letu liko mbele ya kilabu cha bia cha mjane Hobden, linatazamana na nyumba ya Daktari Pelling, kwa hiyo umbea wa kwake hatuufuati, unatufuata wenyewe. Asubuhi hiyo gari la farasi lilikuwa mlangoni pake, masanduku ya mkewe yanapakiwa. Alikuwa anarudi kwao London na watoto, safari hii moja kwa moja, maana sebule, ngazi na hata kitanda cha mtoto vilishajaa mifupa ya mjusi wa kale aliyochimbua machimboni. Daktari mwenyewe alikuwa ghorofani anagonga mawe, nyundo tuliisikia. Tulikuwa watatu: Chokaa, anayechoma chokaa, Biblia, mpiga kengele wa kanisa, na mimi, mshona hatamu. Tulikuwa tunangoja tuone kama atashuka kumzuia.

CHOKAA: Hashuki huyo. Ana mjusi wa futi sitini, mke wa nini?

BIBLIA: Si mjusi. Ni jitu lililozama kwenye gharika. Nuhu alilipima mlangoni mwa safina, halikuingia.

MIMI: Na ile pembe puani?

CHOKAA: Ya kuzibulia mapipa.

BIBLIA: Acha dhihaka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama yake alilidekeza, likafika urefu wa kanisa.

CHOKAA: Ukubwa ni jalala, babu. Lilimaliza misitu yote ya Sussex, likashikwa na kiu, likanywa bahari. Hii chokaa ninayochoma ni mate yake yaliyokauka.

MIMI: Linaitwaje vile?

CHOKAA NA BIBLIA: Titanolaseta.

Walilitamka pamoja bila kujikwaa. Mji mzima unalijua. Ukimwendea Daktari na kikohozi, unatoka na kikohozi chako na jina la mjusi.

Nyundo ikanyamaza. Tukatazama mlango. Ikaanza tena.

CHOKAA: Si niliwaambia?

Mara mkewe akavuka barabara, akaja moja kwa moja hadi kwetu. Tukasimama na kuvua kofia.

MKE: Kaeni. Nyie mnamjua mjusi vizuri. Jino lake la kwanza liliokotwa na nani?

BIBLIA: Na Daktari, mama.

MKE: Niliokota mimi, kwenye kokoto za barabarani, yeye akiwa ndani anamtoa mgonjwa damu. Na picha zote za kitabu chake nimechora mimi. Sitaki ugomvi, naondoka. Nauliza tu: mimi naitwa nani?

Chokaa akamtazama Biblia. Biblia akatazama kofia yake.

BIBLIA: Si mke wa Daktari Pelling?

MKE: Hilo jina lake.

Akangoja kidogo, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliotuumiza. Miaka yote namwamkia asubuhi na jioni, na jina lake silijui; niliona haya. Kisha akarudi, akapanda, na gari likaondoka. Dirisha la ghorofani halikufunguliwa.

CHOKAA: Ester.

BIBLIA: Rebeka. Kengele ya harusi yake nilipiga mwenyewe.

CHOKAA: Ndiyo maana hukusikia.

BIBLIA: Rebeka, nakwambia.

CHOKAA: Ester, kama dada yangu.

Wakanigeukia mimi niamue. Nikamwita mjane Hobden alete bia, naye akasema pipa limekwisha.